"Modeli ilisema watakufa laki tano, mbona hawakufa?"
Hili swali limenichosha jamani. Nikitaja tu kwamba kazi yangu ni modeli za magonjwa, yaani hesabu za kukadiria ugonjwa utaeneaje, mtu anadakia, ile ya corona ya chuo cha Imperial College, London, ya Machi 2020 si ilisema Waingereza 510,000 watakufa na Wamarekani milioni 2.2, wako wapi, waongo nyie.

Basi soma sentensi mpaka mwisho. Idadi ile ilikuwa na sharti, yaani serikali isifanye kitu na watu waendelee na maisha yao vilevile, na kwenye ripoti hiyohiyo kuna makadirio mengine ya chini zaidi kama hatua zikichukuliwa. Watu wakafungiwa, wengine wakajifungia wenyewe, sharti halipo tena halafu unadai vifo vyako? Ukimkataza mtoto kupanda mwembe mbovu akashuka salama, ulimdanganya? Na hao Wamarekani pamoja na yote hayo walivuka milioni moja ilipofika 2022.

Ukitaka kuibana modeli, ibane kwenye ilichokichukulia kuwa kweli. Chukua malaria. Daktari Mwingereza Ronald Ross aliandika hesabu zake za malaria mwanzoni mwa karne iliyopita, mtafiti mwenzake George Macdonald akaziendeleza miaka ya 1950 akaonyesha kwamba kimelea kinakaa siku kumi hivi au zaidi ndani ya mbu kabla hajaambukiza mtu, kwa hiyo ukifupisha maisha ya mbu mzima hata kidogo maambukizi yanaporomoka, kuliko kuhangaika na viluwiluwi peke yake. Hoja hiyo ikaupa nguvu upuliziaji wa DDT, dawa ya kuua wadudu, ukutani, na hesabu haikuwa mbovu! Ila ilichukulia mbu anauma watu wote sawasawa, na usugu wa dawa haukuwemo. Mbu wakajenga usugu, hela zikapungua, mwaka 1969 WHO ikalegeza lengo la kuitokomeza malaria dunia nzima. Chandarua chenye dawa unacholalia leo bado kinategemea hoja ileile ya Macdonald.

Eti modeli yenye vitu vingi ndio sahihi zaidi. Hapana, kila kitu unachoongeza lazima ukipime, usipokipima umebuni, mimi wanafunzi wangu nawaanzishia na milinganyo miwili tu, wanune wasinune.

Na "dawa imeponya panya, kwa nini wanatuficha?" Hawafichi. Mnyama wa maabara naye ni modeli tu ya binadamu, akipona yeye si lazima upone wewe. Mwaka 2006 London dawa ya majaribio iitwayo TGN1412 ilishapita salama kwa nyani, wakawapa wanaume sita dozi ndogo mara 500 kuliko ile ya nyani, wote sita wakaishia ICU, chumba cha wagonjwa mahututi.