Rafu ya mbao: anza kwa kuchunguza ukuta

Rafu ikianguka, mara nyingi ubao wenyewe unabaki mzima. Kinachong'oka ni visi (skrubu) ya juu ya ekeri, kile chuma cha umbo la L kinachobeba ubao. Mzigo ukikaa juu yake, ekeri inausukuma ukuta kwa chini na kuuvuta kwa juu, na kadiri unavyopanga vitu mbali na ukuta ndivyo visi ya juu inavyovutwa zaidi. Kwa hiyo mkono mrefu uende ukutani, na mfupi ufikie angalau theluthi mbili za upana wa ubao.

Hapa Goma nyumba nyingi ni za mbao. Mbao za ukuta ni nyembamba, visi ikishika hizo peke yake haitakaa. Itafute miti ya nguzo. Toka nje, tazama vichwa vya misumari: vilipojipanga wima, nyuma yake kuna mti. Pima kutoka pembeni mwa dirisha hadi kwenye mstari huo, kisha rudia kipimo kilekile ndani, hata kama mmefunika ukuta kwa tripleksi. Mti ukiwa wa mkalitusi, toboa kwanza kwa kekee nyembamba kuliko visi, la sivyo utapasuka.

Ukuta wa tofali za sementi unataka shevili, kile kipande cha plastiki kinachoshika visi ndani ya tundu, inayoingia kwa kubana. Ikicheza kwenye tundu, usijidanganye kwa kuijazia vijiti, toboa pengine.

Ubao uwe mkavu, unene wa sentimita 2 hadi 2.5. Acha sentimita 60 kati ya ekeri na ekeri, au 40 kwa vitabu na masufuria mazito. Usipime kutoka sakafuni, maana sakafu zetu chache zimenyooka. Kama huna nivo (kipimo cha usawa), omba waashi mpira wao mwangavu wa maji: maji ya ncha zote mbili hutulia kimo kimoja.

Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, matetemeko yaliendelea kwa siku kadhaa. Basi rafu isikae juu ya kitanda, hasa cha mtoto, na ukingo wake wa mbele upigiliwe kipande cha ubao kilichoinuka kama sentimita 3 ili vyombo visiteleze. Bidoni ya lita 20 ina kilo 20 za maji. Hiyo ibaki chini.