Unakwenda Ziwa Turkana? Soma Hili Kabla ya Kukodi Boti

Kila msimu wa matamasha ya Lodwar na Loiyangalani unapokaribia, tunaoshughulikia usalama wa majini huulizwa maswali yale yale, na wageni wakisharudi makwao hutuletea malalamiko yale yale. Wengi wao ni watu wenye nia njema kabisa. Kosa lao ni kupanga safari ya Turkana kana kwamba wanakwenda Naivasha.

Naivasha maji hutulia asubuhi na upepo huja mchana. Turkana mambo huenda kinyume. Ziwa liko kwenye ujia kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya, na upepo wa kusini-mashariki ukipita humo hubanwa na kushika kasi. Huzidi usiku na alfajiri, kisha mara nyingi hulegea kadiri mchana unavyosonga. Ile mitambo 365 ya umeme wa upepo iliyo upande wa Loiyangalani haikuwekwa pale kwa kubahatisha. Kwa hiyo nahodha akikwambia saa kumi na mbili asubuhi, "Tungoje kidogo," si mvivu, wala hatafuti nyongeza ya pesa. Tumeletewa malalamiko ya maandishi, yenye sahihi, dhidi ya manahodha waliokataa kung'oa nanga. Hayo hatuyafuatilii, na ni vizuri ijulikane hivyo.

Ziwa lina urefu wa takriban kilomita 250, na kina chake mahali pengine kinapita mita 100. Mwaka 1934 watu wawili wa msafara wa mtafiti Mwingereza Vivian Fuchs walivuka kwenda Kisiwa cha Kusini na hawakuonekana tena. Leo tuna injini na simu, ila sehemu kubwa ya maji hayo haina mtandao.

Kuhusu boti: boti ya wavuvi iliyosajiliwa kwenye kamati ya usimamizi wa ufuo (BMU) haigeuki kuwa boti ya abiria kwa sababu umekubaliana bei na mwenyewe. Boti ya kubeba watu inapaswa kuwa imekaguliwa, na msimamizi wake Kenya ni Mamlaka ya Bahari (KMA). Omba kuona cheti, angalia tarehe, angalia idadi ya abiria iliyoandikwa, kisha hesabu vichwa, mtoto akiwemo. Jaketi okozi ivae ukiwa bado ufuoni, funga kamba zote, halafu mwenzako aishike mabegani na kuivuta juu. Ikipanda hadi masikioni, haikufai, omba nyingine. Ikiwa povu la ndani limekauka kwa jua na linavunjika ukilibonyeza, hiyo ni pambo. Mafuta yagawanywe mafungu matatu: la kwenda, la kurudi, na la dharura. Orodha ya majina, saa ya kuondoka na saa ya kutarajiwa kurudi ibaki na mtu aliye nchi kavu.

Sasa malipo, maana hapa ndipo kelele huwa nyingi. Sibiloi, Kisiwa cha Kati na Kisiwa cha Kusini ni mbuga za taifa chini ya Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS), na zote tatu zimo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kumlipa mwenye boti si kulipa kiingilio, na kiingilio si ada ya kambi. Hakuna msamaha wa "tunashuka dakika kumi tu kupiga picha". Malipo ya KWS hufanywa kupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo mtandaoni, kwa hiyo yakamilishe ukiwa mahali penye mtandao na uhifadhi risiti kwenye simu. Askari akikuuliza risiti, usimwambie mtandao umepotea. Anajua.

Anayetaka kuvua mbuta au ngege kwa ndoano kama burudani anahitaji leseni ya uvuvi wa michezo, chini ya Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016. Ulizia ofisi ya uvuvi ya kaunti kabla ya kufika ufuoni. Leseni hiyo peke yake haikufungulii maji yaliyo ndani ya mbuga.

Plastiki: tangu tarehe 5 Juni 2020, chupa za maji, vikombe, sahani, vijiko na mirija ya kutumia mara moja haviruhusiwi katika maeneo yaliyohifadhiwa. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchi nzima tarehe 28 Agosti 2017, na adhabu yake ni faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne, au vyote viwili. Ndiyo, milioni. Beba maji kwenye mitungi ya kudumu.

Na uyabebe ya kutosha. Sisi hupendekeza lita tano kwa mtu kwa siku, pamoja na akiba ya siku moja zaidi iwapo upepo utawazuia kisiwani. Maji ya ziwa yana magadi na floridi nyingi. Kuyachemsha kunaua vijidudu tu, magadi na floridi hubaki pale pale.

Hema lisikaribie ufuo. Kuna usemi kwamba mamba wa Turkana wameshiba samaki na hawana habari na binadamu. Sijui nani aliuanzisha, ila Kisiwa cha Kati ni mazalio ya mamba, na mwenye kuutegemea usemi huo asiwapeleke watoto majini. Vigingi havishiki kwenye mchanga ule, hivyo funga kamba za hema kwenye mawe makubwa. Kule Sibiloi, hata hivyo, usiokote wala kusogeza kitu kinachofanana na mfupa. Visukuku vinalindwa na Sheria ya Makavazi na Urithi ya 2006.

Ukiona boti imejazwa kupita kiasi, andika namba yake, ufuo, tarehe na saa, kisha ripoti BMU au kituo cha polisi kilicho karibu siku hiyo hiyo. Lalamiko linalosema "boti ya bluu ya Kalokol" hatuwezi kulifuatilia. Kalokol boti za bluu ni nyingi.