Umeme ukirudi, seva husoma faili: dhana potofu kuhusu kuandaa klasta

Masika iliyopita umeme ulikatika huku Sakina, Arusha, saa nane usiku, ukarudi alfajiri. Asubuhi kijana ninayefanya naye kazi akanipigia: "Shikamoo kaka. Jana klasta ilikuwa nzima, leo nodi mbili hazipandi." (Klasta ni seva kadhaa zinazofanya kazi kama moja; kila seva ndani yake ni nodi.) Kabla sijamaliza kuvaa viatu nilishajua pa kuanzia.

"Nimeshatoa amri ya swapoff -a, basi swapu imezimwa."

Swapu ni sehemu ya diski inayotumika kama kumbukumbu ya ziada RAM ikijaa. Imezimwa mpaka mashine izimike. Ikiwaka tena, Linux husoma /etc/fstab, faili lenye orodha ya diski na swapu za kuwasha, na kama mstari wa swapu bado umo, swapu inarudi. Kubelet, programu ya Kubernetes (mfumo wa kuendesha programu kwenye klasta) inayokaa kwenye kila nodi, kwa mpangilio wake wa kawaida hukataa kuanza ikikuta swapu imewashwa. Siku ile tulifungua faili tukaukuta mstari wenyewe, mzima kabisa:

/swap.img none swap sw 0 0

Tukaweka alama ya # mbele yake, tukahifadhi. Ni kazi ya sekunde moja, ila inataka utulivu. Ukiiweka kwenye mstari wa diski nyingine, au ukikosea herufi, seva inaweza kuwaka ikaishia kwenye hali ya dharura. Hapo huwezi kuingia kwa mbali. Lazima mtu apande bodaboda aifuate na kibodi mkononi. Kwa hiyo nakili faili kwanza, hariri, kisha toa amri ya findmnt --verify. Halafu iwashe upya mwenyewe, mchana, ukiwa umekaa mbele yake.

Ndivyo ilivyo pia kwa sysctl -w net.ipv4.ip_forward=1, amri inayoruhusu seva kupitisha data ya mtandao ya mashine nyingine. Isipoandikwa kwenye faili ndani ya /etc/sysctl.d/, inapotea na umeme.

"Tuna DNS, /etc/hosts ni mambo ya zamani."

DNS ni huduma ya mtandao inayogeuza majina ya mashine kuwa anwani; /etc/hosts ni orodha ya aina hiyo ndani ya mashine yenyewe. Kwenye mpangilio wa kawaida, seva huangalia /etc/hosts kabla ya kuuliza DNS. Ubuntu na Debian huandika humo jina la mashine mbele ya 127.0.1.1, anwani ambayo mashine hujirudia yenyewe. Baadhi ya programu za klasta zikiuliza "mimi ni nani?" hupewa jibu hilo, na nodi nyingine haziwezi kuifikia. Badilisha uweke anwani halisi ya mtandao, na mistari ya nodi zote ifanane kwenye kila mashine.

"Nikinakili seva moja mara tatu na kubadili majina, nimemaliza."

Bado. Kuna /etc/machine-id, kitambulisho kinachotakiwa kuwa cha mashine moja tu. Nakala zikibeba kilekile, seva za Ubuntu zinazotumia DHCP (huduma inayogawa anwani za mtandao yenyewe) zinaweza kupewa anwani moja, na utahangaika na swichi isiyo na kosa. Acha faili hilo tupu kabla ya kunakili. Kila mashine itajitengenezea chake ikiwaka.

"Seva mbili zinatosha."

Naelewa bajeti zetu, lakini etcd, hifadhidata inayotunza hali ya klasta ya Kubernetes, huhitaji zaidi ya nusu ya nodi zake zikubaliane, na wengi wa wawili ni wawili. Ikianguka moja, inayobaki haiwezi kuandika kitu. Tatu huvumilia kupotea kwa moja, tano kwa mbili. Corosync, programu nyingine ya kuunganisha nodi za klasta, inayo two_node: 1, mpangilio unaoruhusu nodi moja kati ya mbili kuendelea peke yake, ila nodi moja isipokuwa na njia ya hakika ya kuizima nyingine, waya wa katikati ukichomoka kila moja inaweza kujiona ndiyo iliyobaki hai, na zote zikaandika kwenye diski ileile.