Brazili na Argentina kwenye gemu: Messi hashiki pedi

Kila droo ya gemu la soka inapozikutanisha Brazili na Argentina, uchambuzi unaosambaa ni uleule. Hawa wana Messi, wale wana Vinícius, beki wa huku mzito, winga wa kule ana mbio, kisha mtu anatabiri mabao matatu kwa moja. Inatosha. Messi hashiki pedi. Wanaoshika pedi, kifaa cha kuchezea gemu, kwenye mechi ya mataifa ya wawili kwa wawili ni watu wanne, wawili kila upande, na wana dakika 6 za kipindi cha kwanza na 6 za kipindi cha pili. Mchambuzi asiyeanza na hao wanne anachambua mechi nyingine kabisa.

Rekodi zenyewe zinatosha kuwanyamazisha wanaohesabu nyota. Mwaka 2019, mjini London, Ufaransa waliwafunga Argentina kwenye fainali ya kombe la mataifa la FIFA la gemu. Brazili walilichukua 2022 Copenhagen, wakalitetea 2023 Riyadh. Mwaka 2024 mashindano yalipoingia kwenye eFootball, gemu la soka la Konami, upande wa konsoli (mashine za gemu kama PlayStation), Indonesia wakawafunga Brazili fainali. Indonesia hiyo hiyo ambayo timu yake ya nyasini imecheza Kombe la Dunia mara moja tu, 1938, nchi ikiwa bado inaitwa Dutch East Indies. Kama majina ya uwanjani yangekuwa yanafunga mabao ya kwenye skrini, fainali ile isingekuwa na Indonesia.

Kabla ya kutabiri chochote, soma kanuni za mashindano. Kuna mashindano yanayosawazisha viwango, kila mchezaji akapewa alama ileile ya jumla. Hapo nyota anabaki na mguu wake, kimo chake na mgawanyo wa sifa zake, si zaidi. Hata pasipo kusawazisha, gemu lina sheria zake za mwendo. Kwenye gemu la FIFA 23 mabeki warefu wenye nguvu waliwekwa kwenye kundi la wenye hatua ndefu, wakawa wanawafikia washambuliaji ambao uwanjani wasingewaona hata vumbi. Aliyechambua mechi za mwaka ule kwa kuangalia ligi za kweli alikosea tangu sentensi ya kwanza.

Sasa tuje kwenye kinachoamua mechi hii, nacho ni kishale, ile alama juu ya kichwa cha mchezaji unayemwongoza.

Kila mmoja wa wale wawili anamwongoza mchezaji mmoja kwa wakati, waliobaki wanaongozwa na kompyuta. Mwenzako akiwa amemshika mchezaji fulani, wewe humpati. Ukibonyeza L1, kitufe cha kubadili mchezaji kwenye pedi ya PlayStation, kumtaka, kishale kinaruka kwa mwingine, ambaye pengine alikuwa anakimbilia upande mwingine, na kidole chako bado kimeisukuma analogi, kijiti cha kumwelekeza mchezaji, kule ulikokuwa unaelekea. Kwa nusu sekunde una beki anayeliacha eneo lake bila wewe kutaka. Mabao mengi ya wawili kwa wawili yanazaliwa ndani ya nusu sekunde hiyo, halafu watazamaji wanasema mshambuliaji alikuwa hatari. Mshambuliaji alipita kwenye mlango uliofunguliwa na walinzi wenyewe.

Kosa la timu changa ni wote wawili kuufuata mpira. Mmoja anamkaba winga, mwingine anakuja kusaidia, na nyuma yao inabaki kompyuta. Kompyuta inalinda mstari vizuri mradi mstari haujavunjwa na binadamu. Ukimtoa beki wa kati kwa mkono wako, haimwingizi mwingine mahali pake mara moja, inachelewa, na pasi ya kupenyeza haichelewi. Kwa hiyo mpira ukiwa pembeni mgawanyo mzuri uko hivi: wa kwanza anamshika beki wa pembeni au winga wake, anakaa kwa L2, kitufe cha kumkabili mpinzani, bila kuingiza mguu, anaziba njia ya ndani na kuacha ile ya mstari. Wa pili anamshika kiungo mkabaji, SI beki wa kati, na anasimama kwenye njia ya pasi ya kurudi nyuma kutoka mstari wa goli. Pasi hiyo ya kurudishwa ndiyo silaha ya kila timu yenye akili, kwa sababu inamkuta mpigaji akiwa ametazama goli, huku mabeki wa kompyuta wamekwisha kuzama kwenye kisanduku cha yadi sita.

Beki wa kati anatolewa lini? Mshambuliaji anapopokea akiwa ameupa goli mgongo, na mwenzako ameshamshika yule beki wa kati wa pili. Masharti yote mawili. Moja likikosekana, acha.

Tena, R1. Kitufe hiki kinamwita mchezaji wa kompyuta aende kuubana mpira, na wachambuzi wanakisifu eti ni presha ya timu. Kila ukikishika unaondoa mtu mahali pake. Kwenye mechi ya mmoja kwa mmoja kinaweza kusaidia, kwa kuwa uko peke yako. Wawili kwa wawili tayari mna binadamu wa pili, hivyo R1 inaleta mtu wa tatu kwenye mpira mmoja na kuacha mpinzani mmoja bila mkabaji. Ikishikwa kwa sekunde mbili karibu na kisanduku, angalia nani yuko huru. Daima kuna mtu yuko huru.

Kuhusu mpangilio wa kubadili mchezaji, wazuri wengi wanaondoa ubadilishaji wa otomatiki, au wanauacha kwa mipira ya juu tu. Sababu ni ileile ya analogi: kishale kikihama chenyewe krosi ikiwa hewani, beki wako anaanza na hatua ya mwelekeo usio wake. Kubadili kwa analogi ya kulia ni bora kuliko L1 kwa sababu unachagua upande. Na wanaongea. Neno moja linatosha, "wangu" au "acha", lakini litamkwe kabla ya kitufe. Timu inayoongea baada ya bao inalaumiana.

Kushambulia sitakukalia sana. Asiye na mpira anaweza kukimbia mwenyewe badala ya kusubiri kompyuta, na hilo ndilo linalowavuruga mabeki. Ila kompyuta ikikimbia inajua kujizuia kwenye mstari wa kuotea, binadamu hajizuii. Wakiotea mara tatu kipindi cha kwanza, mmoja wao anakimbia mapema, na ni heri amwachie kompyuta mbio hizo na kubaki kiungo.

Urefu wa safu ya ulinzi nao unachambuliwa vibaya. Tangu FIFA 22 kipimo ni cha 1 hadi 100, na 71 ikawa namba maarufu kwa sababu kuvuka 70 mabeki walikuwa wanapanda juu kwa nguvu. Watu wakaikariri bila kuuliza inataka nini. Inataka binadamu mmoja aliye tayari kumrudisha beki wa kati haraka mpira mrefu ukipigwa. Kama wote wawili wanapenda kukaba mbele, 71 ni kujichongea. Timu hiyo ikae kati ya 45 na 55, iwaache wapinzani wapasiane mbele yake.

Muda ndio unaonikera kuliko yote. Mtangazaji anasema, "Bado dakika kumi na tano, mchezo mrefu." Si mrefu. Dakika 45 za gemu zimebanwa kwenye dakika 6 za saa ya ukutani, maana yake kila dakika moja ya kweli inakula saba na nusu za gemu. Dakika ya 75 ikifika zimebaki mbili tu za kweli na nyongeza ndogo. Shambulizi moja la subira, pasi kumi na tano nyuma na katikati, linakula sekunde 40, yaani dakika 5 za gemu. Anayeongoza akiupata mpira mara tatu na kuukalia hivyo, mechi imekwisha. Ndiyo maana bao la kwanza lina uzito mkubwa hapa kuliko uwanjani, na anayefungwa dakika ya 60 hana budi kupandisha safu palepale, asingoje ya 80.

Lakini anayeongoza ashushe safu? Hapa sina hakika, na simwamini anayejibu kwa haraka. Safu ya chini inaziba pasi za kupenyeza, ila inawapa wapinzani eneo la kupiga mashuti ya kuzungusha kutoka nje ya kisanduku, tena inawaweka mabeki wa kompyuta karibu na kipa, ambako mpira uliogonga mguu unageuka bao. Naegemea kuacha safu ilivyo na kubadili kasi ya pasi tu, ingawa nimeona hoja nzuri za upande wa pili.

Ugumu mwingine ni mtandao. Matokeo ya hatua za kufuzu zilizochezwa kwa intaneti yasikuongoze sana jukwaani. Kwenye intaneti kitufe kinachelewa kidogo, kwa hiyo anayengoja kwa L2 anaonekana mzito na anayebahatisha mguu anafanikiwa. Jukwaani, konsoli zikiwa chumba kimoja, kuchelewa huko kunaondoka, na mbahatishaji anapitwa na kugeuka kumoja.

Brazili na Argentina wakianza, weka majina pembeni na uhesabu kitu kimoja mpaka dakika ya 20 ya gemu: mara ngapi beki wa kati ametolewa kwenye mstari na mkono wa binadamu, na mwenzake alikuwa wapi wakati huo. Rudia picha polepole, utakiona kishale juu ya kichwa chake.