Nohiya ni nini? Tuitazame Panjakent

Nohiya ni ngazi ya utawala nchini Tajikistan. Iko chini ya mkoa na juu ya jamoat, yaani kundi la vijiji. Kwetu tungeiita wilaya. Wakati wa Umoja wa Kisovyeti iliitwa rayon, na sehemu kubwa ya mipaka yake ni ya enzi hiyo.

Hiyo ndiyo maana ya ofisini. Ila nohiya nyingi za mashambani zilikuwa na watu na mashamba yao zamani sana, kabla ya dola yoyote kuzichorea mipaka. Kilichowaweka pamoja ni maji: mto unaoshuka kutoka milimani, mifereji inayochota maji humo, na vijiji vinavyoitegemea mifereji hiyo. Panjakent, katika bonde la mto Zeravshan, iliyokuwa nohiya kabla ya kuunganishwa kiutawala na mji wake, ni mfano mzuri.

Magharibi kidogo ya mji wa Panjakent kuna Sarazm, makazi ya wakulima na wafua metali yaliyoanza takriban mwaka 3500 KK. Mwaka 2010 UNESCO iliyaweka katika orodha ya Urithi wa Dunia, ya kwanza kutoka Tajikistan. Katika kaburi moja alikutwa mwanamke aliyezikwa na bangili za kombe la baharini, na bahari yenyewe iko mbali mno na hapo. Anayedhani kijiji cha milimani lazima kiwe kimejitenga na dunia, aanzie hapo.

Karne ya 5 BK Wasogdi, watu wa kale wa eneo hili, walijenga mji kwenye mwinuko juu ya mto. Walikuwa wafanyabiashara wakubwa wa njia ya hariri, njia ya kale ya biashara kati ya China na magharibi, na kuta za nyumba zao walizijaza picha za rangi, zikiwemo za visa vya shujaa Rustam. Waarabu walipoisonga nchi, mtawala wa Wasogdi hao, Devashtich, alikimbilia ngome ya Mlima Mugh, upande wa juu wa mto. Alikamatwa, akauawa mwaka 722. Miaka 1932 na 1933 nyaraka zake zilipatikana ngomeni humo: barua na hesabu, baadhi kwenye ngozi, baadhi kwenye vijiti. Mimi ninaupenda zaidi mkataba mmoja wa ndoa wa mwaka 710 hivi. Unampa mke, sawa na mume, nafasi ya kuivunja ndoa, na unataja nani atabaki na mali gani. Historia ya wilaya mara nyingi huishia kwa wafalme. Nyaraka za namna hii ndizo zinazotuonyesha watu walivyoishi.

Mji ule ulihamwa kabla karne ya 8 haijaisha, lakini bonde halikuhamwa. Katika kijiji cha Panjrud, ndani ya eneo hili hili, alizaliwa Rudaki, anayehesabiwa kuwa baba wa ushairi wa Kiajemi. Alifariki mwaka 941.

Baada ya hapo watawala walipishana. Mwaka 1868 Warusi waliiteka Samarkand, mji mkubwa ulioko kama kilomita 60 magharibi, na muda si mrefu sehemu za juu za bonde nazo zikawa mikononi mwao. Mwaka 1924 Wasovyeti waligawa Asia ya Kati kwa misingi ya mataifa: Samarkand ikawa ya Uzbekistan, Panjakent ikawekwa upande wa Watajiki. Miaka ya 1930 wakulima wakaingizwa katika kolkhozi, mashamba ya ushirika yanayosimamiwa na serikali.

Mstari wa 1924 haukuwaumiza sana watu ulipokuwa ndani ya dola moja. Uliuma baada ya uhuru wa 1991, hasa kivuko cha mpakani hapo kilipofungwa mwaka 2010: soko la Samarkand, lililokuwa safari ya saa moja tu, likawa la kuzungukiwa mbali kupitia milimani. Machi 2018 kivuko kilifunguliwa tena, na raia wa nchi hizo mbili wakaruhusiwa kutembeleana bila viza.