Dripu ya haraka, p ya 0.003, na watoto 33 katika 1,000

Ninapowafundisha madaktari kusoma tafiti za tiba, macho yao hukimbilia p, namba inayopima jinsi matokeo yanavyoweza kutokea kwa bahati tu endapo tiba haina athari. Ikiwa chini ya 0.05, tiba imefaulu, ikizidi, imeshindwa. Utafiti wa FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011, unaonyesha jinsi usomaji huo unavyopoteza mengi.

Watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko duni wa damu waligawanywa kwa bahati nasibu. Wa kwanza walipewa dripu ya haraka ya albumini (maji yenye protini ya damu), wa pili ya salaini (maji ya chumvi), wa tatu hawakupewa dripu ya haraka. Ndani ya saa 48 walifariki asilimia 10.6, 10.5 na 7.3. Tiba iliyotarajiwa kuokoa iliua zaidi.

Ukilinganisha waliopewa na wasiopewa, p ni 0.003. Maana yake, kama dripu ya haraka isingebadilisha chochote, tofauti kubwa kiasi hicho au zaidi ingejitokeza kwa bahati tu mara 3 hivi katika majaribio 1,000. Haisemi kwamba uwezekano wa dripu kutokuwa na athari ni 0.003, wala haitaji ukubwa wa madhara. Hilo tunalipata kwenye uwiano wa hatari, yaani hatari ya kifo kwa waliopewa ikigawanywa kwa ile ya wasiopewa: 1.45, au ongezeko la asilimia 45. Mipaka ya uhakika ya asilimia 95, yaani masafa ya thamani zinazoendana na data, ni 1.13 hadi 1.86. Hata mpaka wa chini uko juu ya 1, upande wa madhara. Ila wodini asilimia 45 haishikiki. Vifo vya ziada vilikuwa takriban 33 kwa kila watoto 1,000, yaani kimoja kwa kila 31 hivi waliopewa. Namba hiyo ndiyo ningependa itangulie kwenye kila ripoti.

Albumini dhidi ya salaini, p ni 0.96. Wapo wanaohitimisha kwamba zinalingana. Lakini mipaka ya uwiano wa hatari ni 0.78 hadi 1.29: albumini ingeweza kupunguza vifo kwa zaidi ya moja ya tano, au kuviongeza kwa zaidi ya robo. Anayetaka kuthibitisha usawa hutaja kabla ya kuanza tofauti atakayoivumilia, kisha huangalia kama mipaka yote imeingia humo.

Utafiti ulisimamishwa mapema, Januari 2011, na usimamishaji wa aina hiyo huelekea kukuza makadirio. Kwa hiyo 1.45 yenyewe siishikilii sana. Mwelekeo wake sina shaka nao: ulijirudia katika vituo vyote, kwa watoto wenye malaria na wasio nayo.