Mshairi wa Jukwaani: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Dhana: Anapanda jukwaani na kusema yanayomjia.

Hakuna dhana inayowavunjia heshima washairi hawa kama hii. Shairi la dakika tatu limeshaghaniwa chumbani mara nyingi kabla halijafika ukumbini. Mwenyewe anajua wapi avute pumzi, neno gani alishushe, na wapi anyamaze. Mashindano ya slam, yaani ya kughani mashairi mbele ya watazamaji na kupewa alama, yaliyoanzishwa na Marc Smith huko Chicago katika miaka ya 1980, yana kanuni kali: kwa kawaida ni dakika 3, na ukizidisha zaidi ya sekunde 10 unapunguziwa alama. Ala za muziki na mavazi ya maigizo hayaruhusiwi. Majaji 5 huteuliwa miongoni mwa watazamaji, kisha alama ya juu kabisa na ya chini kabisa huondolewa.

Dhana: Kwenye filamu ni kughani kulekule, kamera tu imeongezeka.

Sauti inayomfikia mtu wa kiti cha nyuma huwa kelele mbele ya kamera iliyo karibu na uso. Mkono ukipungwa sana hutoka nje ya picha, hivyo kazi yake hufanywa na macho. Saul Williams, aliyetokea kwenye slam, alijifunza hilo vizuri: filamu ya *Slam*, aliyoigiza na kushiriki kuiandika, ilishinda tuzo kuu ya majaji kwenye tamasha la filamu la Sundance, Marekani, mwaka 1998.

Dhana: Akifanya tangazo, ameuza ushairi wake.

Hapa napenda tutulie kidogo. Tangazo la sekunde 30 ni shule ngumu. Chukua mstari huu: "Mama aliamka kabla ya jua, akawasha moto, akatuachia usingizi." Studio inamwambia apunguze sekunde mbili. Anaondoa "akawasha moto", maana moto utaonekana kwenye picha. Kinachobaki, "Mama aliamka kabla ya jua, akatuachia usingizi," kinachoma zaidi ya cha mwanzo. Huo ni ushairi, hata kama mwisho wake litatajwa jina la bidhaa.

Hatari ya kweli imo kwenye mkataba. Kuandika kuna malipo yake, sauti ina yake, na matumizi yana yake: litarushwa wapi, kwa muda gani, kwenye vyombo gani? Ukisaini "milele, duniani kote", shairi linaweza kurushwa hata miaka 10 baadaye bila wewe kupata chochote. Soma pia kipengele kinachokuzuia kufanya kazi na washindani wa kampuni hiyo ya tangazo, kwa sababu kinaweza kukufungia mwaka mzima wa riziki.

Kukubali tangazo moja hakukulazimishi kukubali yote. Mshairi Amanda Gorman alighani kwenye kuapishwa kwa Rais wa Marekani tarehe 20 Januari 2021, akiwa na miaka 22. Baadaye alisema amekataa mikataba ya takriban dola milioni 17 isiyomfaa, na mwaka huohuo akakubali kushirikiana na kampuni ya vipodozi ya Estée Lauder.

Dhana: Wa jukwaani hawezi kuandika.

Kae Tempest, mshairi wa jukwaani wa Uingereza, alipata tuzo ya ushairi ya Ted Hughes mwaka 2013 kwa *Brand New Ancients*, kazi iliyoghaniwa jukwaani pamoja na wanamuziki. Ipo pia kama kitabu.

Dhana: Aje bure, atapata kujulikana.

Fundi wa sauti wa hafla hiyohiyo analipwa. Mpiga picha analipwa. Mshairi naye apewe bei yake kabla ya kupanda.